Swali la Katikati

Alhamisi, 11 Julai 1957

Nimerudi shuleni Mbeya, na baridi ya huku haina adabu. Alfajiri majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu, na maji ya kunawa yaliniuma vidole mpaka machozi yakanitoka. Roho yangu iko juu juu tangu juzi, ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitagombana na mtu.

Juzi, siku ya mwisho ya likizo, baba alikuwa kwenye cherehani yake barazani Iringa, mdogo wangu Jaha anashikiza vifungo, mimi nafunga sanduku. Akaingia baba mkubwa Mrisho, kaka yake baba, anayenunua mpunga Madibira na kuuza mjini. Yeye akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza. Baba ni mtu mwenye maneno mengi kwa wateja, lakini mbele ya kaka yake hugeuka bubu.

Baba mkubwa hakuketi. "Ahmadi, huyu Rukia umemsomesha mpaka darasa la nane. Watu walisema, mimi nikanyamaza. Sasa sikiliza. Mtihani wa Novemba akichaguliwa kwenda la tisa, mwakani Jaha naye aende la tano, akalale bweni kama dada yake, sitatia neno. Asipochaguliwa, basi, imetosha. Siyo mabinti wawili bwenini kwa kubahatisha."

"Sawa, kaka," baba akasema.

Sawa, kaka! Basi, kwisha. Jaha, ambaye yuko la nne na anasoma hata maandishi ya magunia ya sukari, alibaki na sindano mkononi ananitazama. Alinitazama mimi, siyo baba.

Lakini nani kasema nitashindwa? Kwa kukariri sina mpinzani katika jimbo hili.

Jumapili, 14 Julai

Wenzangu wamekwenda kanisani, bweni zima ni langu, nimedurusu kwa sauti mpaka koo limekauka.

Njia yangu ni ile ya chuoni. Maalimu alitufundisha aya ya kwanza mpaka ikae, kisha ya kwanza na ya pili, kisha ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku unayumba mbele na nyuma mpaka mwili wenyewe unakumbuka. Nilihitimu kabla ya wavulana walionizidi umri, na mama akapika pilau. Basi jiografia hii ya Kiingereza naipitisha njia hiyo hiyo. Nimenakili daftari zima upya, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari kwa rula. Daftari langu unaweza kulipeleka harusini.

Mwenzangu wa kitanda cha jirani, Atuganile, binti wa mkulima wa kahawa kutoka Rungwe, analo daftari la aibu. Kila ukurasa ameukunja katikati kama bahasha, upande mmoja ana maswali, upande wa pili maneno matatu manne yaliyopinda. Amerudi kutoka kanisani akalishika langu kwa ncha za vidole.

"Lukia, daftari yako nzuri sana," akasema. Herufi ya kwanza ya jina langu haiwezi, hata umlipe. "Daftari yako inajua yote. Na wewe?"

Nimemwambia akajifunze Kiswahili kwanza.

Jumatano, 17 Julai

Maharage yenye mawe. Baridi.

Jumamosi, 27 Julai

Nimemaliza jiografia yote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuangalia. Wasichana wa darasa la saba walinizunguka wakapiga makofi. Atuganile alikuwa anapalilia njegere kwenye bustani ya shule huku midomo inamcheza, anajisemesha peke yake kama mwendawazimu. Kila akifika mwisho wa tuta anasimama, anafikiri, anatikisa kichwa, anarudi na tuta jingine.

Naanza historia kesho.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo tumefanya mtihani wa majaribio. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 12 Agosti

Nitaandika, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Nimekuwa wa tatu. Wa tatu kutoka chini! Mimi! Mwalimu Damari amesoma majina mbele ya darasa, kwa sauti yake ile ya upole inayochoma kuliko fimbo. Alipofika kwangu alisita, nikadhani ameruka mstari.

Swali la jiografia liliuliza kwa nini mvua hunyesha zaidi Tukuyu kuliko Iringa. Jibu ninalo! Liko ukurasa wa katikati, chini ya kichwa chekundu, naliona hata nikifumba macho. Lakini nilipotaka kulitoa halikutoka. Likawa kama uzi wa cherehani, huwezi kuuvuta kutoka katikati ya kibiringo. Nikalazimika kuanza mwanzo, Tanganyika iko wapi, imepakana na nani, milima yake, maziwa yake, nikawa naandika mbio mpaka mkono ukafa ganzi, na nilipofika kwenye pepo kengele ikagongwa. Hata mvua yenyewe sijaifikia.

Baada ya darasa nimemfuata Mwalimu Damari. Nilimwambia mtihani wake haukuwa wa haki, maana nilijua kila kitu kilichokuwemo.

Akavua miwani. "Rukia, mvua ya Tukuyu inatoka wapi?"

Nikafungua kinywa. Wallahi, kilichonitoka ni "Tanganyika iko Afrika ya Mashariki".

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. "Maneno umeyabeba yote," akasema, "ila hujayafungua hata moja. Sentensi ya pili uliyoandika, kwa Kiswahili maana yake nini?"

Sikujua. Nimeandika ukurasa mzima wa Kiingereza safi na sikujua maana ya sentensi ya pili.

Nimelia chooni, mahali pekee penye mlango. Nimemwona Jaha na sindano yake. Nimemchukia baba mkubwa, nimemchukia Mwalimu Damari, na zaidi ya wote nimemchukia Atuganile, ambaye amekuwa wa kwanza na daftari lile la mikunjo.

Jumanne, 13 Agosti

Nitanakili tena. Safari hii kwa wino mwekundu na wa kijani.

Alhamisi, 22 Agosti

Wino wa kijani umekwisha. Naamka kabla ya kengele, natia miguu kwenye karai la maji baridi ili nisisinzie, nasoma. Nimeambulia mafua tu. Nimejaribu kuanza kukariri kutoka mwisho kwenda mwanzo, sasa nina minyororo miwili badala ya mmoja, na yote inajifunga shingoni.

Mama ameniandikia kwamba Jaha kila jioni anauliza kama nimeshapasi. Hawajui kwamba mtihani bado?

Jumapili, 1 Septemba

Leo kumetokea jambo.

Zamu yetu ya jikoni tumepewa magunia ya mahindi kuyapukuchua, mimi na Atuganile na wengine wa darasa letu. Kazi ya kupukuchua bila maneno inachosha, basi mtu akaanzisha vitendawili. Kila mtu ana vya kwao. Zamu ikafika kwa Atuganile.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninazaliwa milima ya Uporoto, nakunywa Usangu yote, nakufia ndani ya tumbo la ndugu yangu kabla ya kufika bahari."

Wenzangu wakataja nyoka, wakataja moshi, wakataja mwanamke aliyeolewa mbali. Mimi nikasema ng'ombe. Wakacheka.

"Mmeshindwa. Nipeni mji!"

Kwa desturi, ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, anakwenda huko kwa maneno, anakula na kunywa na kukusimanga, ndipo anakupa jibu. Nikampa Dodoma, maana sina kazi nayo. Atuganile akafuta mikono kwenye gauni, akaketi vizuri juu ya gunia.

"Basi nimekwenda Dodoma. Watu ya Dodoma wakanichinjia ng'ombe, ng'ombe ya Lukia, ile aliyotaja. Nikakula ini. Wakaniuliza, huyu Lukia mwenye daftari nzuri yuko wapi? Nikawaambia yuko Mbeya anashindwa mto ya kwao. Jibu ni mto Luaha. Unaingia mto Lufiji, jina yake inakufa humo."

Mto Ruaha! Upo kwenye daftari langu, ukurasa wa mito, nimeupigia mstari. Ninaupita kwenye daraja kila likizo!

Akatega tena. Kinachovaa shuka jeupe kichwani mwaka mzima na kusimama karibu na Ikweta. Nikampa Tabora. Akatega cha reli, akatega cha mkonge, akatega cha Wajerumani. Mpaka mahindi yanakwisha nilikuwa nimempa Tanga, Moshi, Mwanza na Kigoma. Alipotaka Iringa nilikataa.

"Iringa siyo yako kuila," nikamwambia.

"Haya," akasema, "itakuja yenyewe."

Mshenzi huyu!

Jumatatu, 2 Septemba

Kuna jambo linanisumbua. Kati ya vyote alivyonitega jana, leo sijasahau hata kimoja. Sikuviandika popote, sikuyumba, sikurudia.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemeza kiburi. Kilikuwa kikubwa, kimenikwama kidogo. Nimemfuata Atuganile bustanini nikamwambia anitege.

Akaegemea jembe. "Na mimi unipe nini?"

"Nini unataka?"

"Insha ya Kiswahili. Mimi nashindwa. Kichwani iko nzuri, nikiandika inakuwa kama barua ya tarishi."

Ni kweli, insha yake ya Agosti ilikuwa balaa. Tumekubaliana. Nikamuuliza nani alimfundisha kukunja kurasa. Akasema hakuna mtu, kwao taa ni moja na wadogo zake ni wengi, akisoma nao wote wanataka kuona, basi alikunja ukurasa ili wawe na kazi ya kumuuliza badala ya kumsumbua. "Wanapenda sana nikishindwa," akasema. "Wanaimba."

Alhamisi, 19 Septemba

Nusu ya bweni ina homa ya mafua. Uji peke yake.

Jumanne, 24 Septemba

Nimelifunga daftari la harusini, nimelitia chini ya godoro. Sasa nina jipya. Somo zima naliweka kwenye ukurasa mmoja, nikiongeza maneno Atuganile ananipokonya kalamu. Nilimwambia hayatatosha. Akasema, "Yanatosha kukumbusha. Hayakuja kukaa." Nami humtega kwa zamu maswali ninayoyatunga mwenyewe, na namfundisha kuanza insha bila "Hapo zamani", na kwamba mtu anayesema katika insha lazima asemeshwe kama mtu. Jana ameandika juu ya nyanya yake anayepika ndizi, nikasikia njaa kweli.

Mto, pepo, mvua ya Tukuyu. Pepo za Ziwa Nyasa zinabeba unyevu, zinagonga milima ya Rungwe, zinapanda, zinapoa, zinamwaga. Iringa tumebaki nyuma tunapata mabaki. Kumbe ni jambo jepesi hivi! Nimelisema kwa Kiswahili, nimelisema kwa Kiingereza changu mwenyewe kibovu, na lote ni langu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Maulidi. Nyumbani leo wanasoma, ubani, halua, mama amevaa kanga mpya. Hapa ni ugali na kabichi. Sisi Waislamu wachache wa shule tumesoma kidogo chini ya mti wa mwerezi. Atuganile alikuja akakaa pembeni, hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akaniuliza maana ya kila nilichosoma. Nyingine nilijua. Nyingine sikujua, na safari hii nimeona haya kwa sababu nyingine kabisa. Nikirudi nitamuuliza maalimu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Joto. Watu wanachoma mashamba milimani, moshi haupandi wala haushuki.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mwalimu Damari ametuketisha chini ya dirisha akatueleza ukweli, ili tusije tukamlaumu. Nafasi za wasichana la tisa ni chache mno. Mwaka jana shule yetu ilipata msichana mmoja. Wengine wazuri walipelekwa ualimu au uuguzi, wengine nyumbani. "Jiandaeni wote kama vile ni wewe," akasema, "lakini jueni."

Mmoja!

Sikusikia alichosema baadaye. Nilimtazama Atuganile amekaa mbele yangu na shingo yake ndefu, nikafikiri: huyu anajua hesabu, anajua jiografia, kitu pekee kilichokuwa kinamvuta chini ni insha. Na nani anamtengenezea insha? Mimi, kwa mikono yangu miwili, kama mpumbavu anayemkatia mwenzake gogo la kuvukia mto halafu akabaki ng'ambo.

Jioni amekuja na insha mpya. Nikamwambia nina kazi yangu.

"Kazi gani?"

"Yangu."

Alisimama. Moshi ulikuwa umeingia mpaka bwenini, macho yake yalikuwa mekundu, au yalikuwa mekundu kwa jambo jingine. "Umesikia maneno ya Mwalimu," akasema.

"Nimesikia. Wewe hukusikia?"

"Mimi pia nilisikia. Na mimi pia nina wadogo, Lukia." Akachukua karatasi yake akaondoka bila kelele.

Sijali. Nina Jaha.

Jumatano, 23 Oktoba

Nadurusu peke yangu. Ninajiuliza swali na kujijibu, lakini nina huruma mno na nafsi yangu, najipa jibu kabla sijashindwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kila kinachogusa sikio langu kinaniudhi. Jembe, kijiko, kikohozi. Moshi bado. Nimetoa daftari jekundu chini ya godoro nikasoma ukurasa, nikaona uvivu wa kufa.

Na nimegundua jambo ambalo sikulitaka. Yale niliyokuwa nikimtega Atuganile, niliyoyatunga mwenyewe ili ashindwe, nayakumbuka yote mpaka koma. Aliyonitega yeye nayakumbuka vizuri. Niliyosoma wiki hii peke yangu yamekwenda na moshi. Kumbe nilidhani namfaidisha yeye tu kwa maswali yangu. Na insha! Tangu nianze kumsahihisha, za kwangu zimeacha kujaa maneno makubwa ya bure. Asiyejua maana haambiwi maana, mama husema. Mimi nimeambiwa na bado sikutaka kusikia.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimemkuta mtoni anafua. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoroka.

"Atuganile, nitege."

Akaendelea kupiga gauni kwenye jiwe. Pa! Pa! "Kwa nini?"

"Nimekosa. Nimekuwa na choyo, na nimekuona adui, na hukunifanyia lolote. Nisamehe."

"Wewe unafikiri kichwa changu ikijaa, yako inapungua?"

"Nilifikiri hivyo."

"Wanaweza kuchukua mmoja," akasema, akikamua gauni. "Wanaweza wasichukue hata mmoja. Lakini tukienda tumelala wote wawili, hiyo hakika ni hapana." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kusamehe nitasamehe. Lakini umeshindwa, kwa hiyo nipe mji. Ile."

Nikampa Iringa. Yote, na soko lake, na jiwe la Gangilonga, na baraza ya baba yangu. Akaenda Iringa pale pale mtoni, akala pilau ya mama yangu masufuria mawili, akashonewa magauni na baba bila kulipa, akamkalisha baba mkubwa Mrisho chini akamwambia apukuchue mahindi. Nimecheka mpaka nikatumbukiza mguu majini na kiatu chake.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa bweni, wasichana wa huku wanawakaanga. Nimekula. Mama asijue.

Jumanne, 12 Novemba

Kesho. Mwalimu Damari ametukataza kushika daftari jioni hii. Ametuambia tulale. Tulale kwa dawa gani?

Jumatano, 13 Novemba

Mtihani umeanza na imla ya Kiingereza, na Mungu akaamua kuleta mvua ya mawe saa hiyo hiyo juu ya bati. Msimamizi, Mzungu mwembamba kutoka mjini, alisoma, tukaona midomo tu. Akasoma tena kwa kupiga kelele, shingo ikawa nyekundu. Tukaandika tulichokiona mdomoni. Mwisho akaketi akangoja mvua, akaanza upya, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba hata Wazungu hungoja mvua.

Jiografia ikaja. Nikasoma swali la kwanza, na yote yakanitoka. Kweupe. Nikahisi mwili unaanza kuyumba mbele na nyuma wenyewe, na mdomoni tayari maneno ya ukurasa wa kwanza. Nikashika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili. Nikajiambia, simama. Unaulizwa nini? Siyo unajua nini, unaulizwa nini? Walikuwa wanauliza kwa nini reli ya kati ilipita ilipopita. Nikasikia sauti ya Atuganile juu ya gunia la mahindi, inadai Kigoma. Nikaandika kutoka katikati.

Ijumaa, 15 Novemba

Tumemaliza. Insha ya Kiswahili iliuliza habari za siku ya soko. Tumetoka nje tukatazamana na Atuganile, hatukuulizana kitu. Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 10 Desemba

Niko Iringa. Nimeagana na Atuganile stendi ya Mbeya, kila mtu na basi lake. Alisema "ndaga", ndiyo asante ya kwao. Jaha amefaulu la nne, nafasi yake ya la tano ipo shuleni kwetu, fomu inangoja sahihi ya baba tu. Kila siku anaifuta vumbi. Baba anashona, haitazami.

Jumamosi, 11 Januari 1958

Leo naandika yote kabla hayajapoa.

Asubuhi matokeo ya wasichana yamebandikwa ukutani kwenye ofisi ya elimu, karatasi moja kwa jimbo zima, maana tu wachache. La tisa kutoka shule yetu, jina moja. Atuganile. Nimelisoma mpaka herufi zikaanza kuruka. Chini yake, chuo cha ualimu, ndipo nilipo mimi.

Nitasema kweli, maana daftari hili halina wageni. Nimelia njia nzima. Wivu umenikata. Ile insha, ile siku ya soko, najua aliiandika vizuri kwa sababu najua nani alimfundisha. Nilipofika karibu na soko, wivu ukakutana na furaha, na sikujua tena nalilia kipi. Mwenzangu kaingia, jamani. Yule wa mikunjo!

Nyumbani baba mkubwa alikuwa amekwisha kufika. Habari zina miguu.

"Umepata la tisa?" akauliza.

"Nimepata ualimu, baba mkubwa."

"Nimeuliza la tisa."

"Hapana."

Akamgeukia baba. "Tulikubaliana, Ahmadi. Mimi nakwenda dukani, nitarudi baada ya alasiri unijibu mbele ya mashahidi kwamba Jaha anabaki. Tusije tukasema tena." Akakohoa, akatoka. Jaha hakulia. Alikwenda kuichukua ile fomu, akapanda kigoda akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo yeye mwenyewe haifikii.

Baba alikaa, mguu juu ya pedali, cherehani haiendi. Nikamwambia, kwa hasira ambayo binti hapaswi kuwa nayo, "Baba, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka aende."

"Sasa kwa nini hukusema? Tangu Julai!"

"Rukia," akasema taratibu, "kaka akiniuliza, maneno yananipotea. Tangu tukiwa watoto. Yeye huuliza tu, mimi najikuta nimeshasema sawa."

Nilimwangalia. Baba yangu mzima, na mvi zake! Nilijua ugonjwa huo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Basi mimi ni baba mkubwa," nikasema, nikakohoa. Baba akashtuka, kisha akacheka. "Ahmadi, tulikubaliana la tisa. Ualimu si la tisa. Unasemaje?"

Baba akavuta pumzi. "Kaka, unajua marehemu baba yetu alipotoka Bagamoyo na mizigo..."

"La, baba! Huko ni mwanzo wa daftari. Jibu nilichouliza."

Alijaribu tena. Akaanza na bibi yetu. Nikamkatiza. Akaanza na bei ya vitambaa. Nikamkatiza. Mama alitoka jikoni na mwiko, akasimama mlangoni anatusikiliza kama tumerogwa. Mara ya kadhaa baba akasema, "Ualimu ni kuchaguliwa, kaka. Waliokosa wamerudi nyumbani. Wangu amechaguliwa." Nikapiga makofi. Nikamuuliza mengine, watu watasemaje, bweni la Wakristo, nani atamsaidia mama. Nikayachanganya, la mwisho mwanzo, la mwanzo katikati. Mpaka adhuhuri alikuwa anajibu huku anashona.

Baada ya alasiri baba mkubwa akarudi na wazee wawili wa msikitini. Hakuanza nilikoanza mimi. Akaanza na bweni. Baba akajibu. Akaruka kwenye ualimu. Baba akajibu, sauti ndogo lakini imefika. Akauliza habari za watu, mmoja wa wale wazee akatikisa kichwa kwa jibu la baba, akaonekana ameridhika. Nilikuwa nyuma ya pazia na Jaha, kucha zake zimenizama mkononi.

Baba mkubwa akawatazama wazee wake. Kisha akauliza, "Na Jaha naye akikosa la tisa, kama dada yake? Utasema nini siku hiyo?"

Hilo hatukuwa nalo.

Baba akaondoa mguu kwenye pedali. Nikajua maneno yamempotea, nikataka kutoka nje nimsemee.

"Akikosa la tisa, kaka," akasema, "atakuwa amefika la nane. Mimi na wewe tulifika wapi?"

Hakuna aliyekohoa. Baba mkubwa alitazama mikono yake, kisha akasema, "Haya. Usije ukasema sikukuonya," akavaa viatu vyake akaondoka na wazee wake. Jaha akaburuta kigoda mpaka kabatini. Baba alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, ndizo anazozijua, na tone la wino likaangukia pembeni ya jina.

Swali lile la mwisho hatukulidurusu, mimi wala yeye.